Wimbo wa vugo umetutajia ndugu tusiyemjua: ana haki katika mirathi?

SWALI

Assalamu alaykum sheikh wetu. Sisi ni watatu wa tumbo moja, kaka mmoja na dada wawili, wazaliwa wa Lamu. Baba alituhamishia Dubai tukiwa wadogo, akafariki huko mwaka 2011. Mwaka huu tumerudi sote kwa mara ya kwanza, kwa harusi ya binti wa shangazi yetu.

Usiku wa vugo, ile ngoma ya harusi ya wanawake inayochezwa kwa kugonga pembe, mimi na mdogo wangu tulikuwa katikati ya wanawake tunacheza, pembe zinalia. Bibi mmoja akatoa ubeti: "Nazi ina macho matatu, la nne limebaki Pate." Wenzake wakaitikia huku wakitutazama. Shangazi akaondoka, akaingia ndani. Asubuhi tulimbana mpaka akasema. Kabla ya mama yetu, baba alikuwa na mke Pate, kisiwa cha jirani. Babu alimkataa kwa sababu watu wake waliitwa kizazi cha watumwa. Baba akamuoa kwa siri, akazaa naye mtoto wa kiume. Mke huyo alitangulia kufariki kabla ya baba. Mwanawe ni mvuvi, yu hai, na inasemekana anatujua sisi kuliko tunavyomjua.

Shamba la minazi tulishaligawa kati yetu na mama. Kaka anasema maneno ya ngomani hayamtoi mtu shambani mwake. Shangazi anasema tusimfukue baba kaburini. Na kuna jirani anatutaka twende kwenye ngoma ya pepo tukaulize ukweli. Tufanye nini?

JIBU

Waalaykum salaam wa rahmatullah, binti yangu. Allah amrehemu baba yenu.

Nianze na la jirani, maana ni fupi: msiende. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arubaini. Mambo haya yana mashahidi walio hai wanaokula na kunywa, pepo wa nini?

Vugo lenyewe ni jambo jingine. Bibi yangu alikuwa hodari wa kugonga pembe, nami nimelelewa na sauti ile, kwa hiyo huenda mtaniona nina huruma nalo. Lakini siisemi kwa huruma tu. Rubayyi' bint Muawwidh anasimulia kwamba asubuhi ya harusi yake Mtume aliingia kwake, na vijana wa kike walikuwa wakipiga dufu wakiwaimba wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akatia neno kwamba miongoni mwao yuko Nabii ajuaye ya kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, aendelee na aliyokuwa akiyasema. Hadithi hii iko kwa Bukhari. Tazama alichokikataza na alichokiacha: kudai kujua ghaibu alikikataza, kuwakumbuka wazee kwa wimbo harusini alikiacha. Wanawake wanaochezeana wao kwa wao, bila ulevi wala matusi, sioni cha kuwakemea. Kumfumba mgeni mbele za watu, hilo si adabu, na bibi yule angeweza kuwaita pembeni. Lakini nakiri kwamba kwetu huku mafumbo ya ngomani ndiyo yamekuwa daftari la watu wasiopewa nafasi ya kusema barazani.

Sasa kaka yenu. Amesema nusu ya kweli. Ubeti si ushahidi, na hakuna kadhi atakayemtoa mtu shambani kwa sababu ya nazi yenye macho manne. Ila yeye ameishia hapo, na sheria haiishii hapo. Uqba bin Harith, radhi za Allah ziwe juu yake, alioa binti wa Abu Ihab. Akaja mwanamke akasema, nimewanyonyesha nyote wawili. Uqba hakuwa na habari hiyo, wala jamaa zake. Angeweza kusema ni maneno ya wanawake. Alipanda mnyama wake kutoka Makka mpaka Madina akamuuliza Mtume, naye akamjibu: "Itakuwaje, na hali imeshasemwa?" Uqba akaachana naye. Hii nayo ni ya Bukhari. Imamu Shafii na wengi waliona huko kuachana kulikuwa kwa tahadhari, si hukumu ya lazima. Sawa. Lakini hata wanaoichukua kuwa tahadhari, hakuna aliyesema Uqba alikosea kufunga safari.

Ninyi imeshasemwa. Na si na mwimbaji peke yake. Shangazi yenu, dada wa marehemu, ametamka kwa kinywa chake.

Kwa hiyo kazi yenu ni kuthibitisha. Katika madhehebu yetu ya Shafii, nasaba huweza kushuhudiwa kwa habari iliyoenea, yaani ikisikiwa kutoka kwa watu wengi ambao haielekei wamepatana juu ya uongo. Nendeni Pate mkaulize wazee wa msikitini ni nani waliohudhuria nikaha ile. Ikiwa alikuwapo walii wa mwanamke, yaani msimamizi wake wa kumuoza, na mashahidi wawili waadilifu, nikaha ni sahihi, hata kama babu yenu hakualikwa. Walii anayehitajika ni wa mke. Mwanamume mzima haombi walii. Muulizeni pia mkunga, akiwa hai, kwa kuwa uzazi ni katika mambo ambayo ushahidi wa wanawake peke yao hukubaliwa, na kwetu ni wanawake wanne.

Ikithibitika ndoa, mtoto aliyezaliwa ndani yake ni wa baba yenu, kwa neno la Mtume: mtoto ni wa kitanda. Neno hilo lilitoka kwenye kesi inayofanana na yenu. Abd bin Zam'a alisema kuhusu kijana mmoja, huyu ni ndugu yangu, amezaliwa kitandani kwa baba yangu. Saad bin Abi Waqqas akasema ni mtoto wa ndugu yake Utba. Mtume akampa Abd, lakini akamwamuru Sawda, binti wa Zam'a na mke wake Mtume, ajisitiri mbele ya kijana huyo kwa kuwa alifanana na Utba. Hapo mmepata na adabu yenu ninyi dada wawili: mpaka jambo lithibiti, stara yenu mbele yake ni ile ya mbele ya mwanamume wa kando. Likithibiti, yeye ni maharimu wenu, ndugu msiyeweza kuoana naye, na binti zake ni haramu kwa kaka yenu, hata kama leo hamfahamiani.

Shangazi anaogopa aibu. Nami namuuliza, aibu ipi? Kusitiri tumeamrishwa katika dhambi ya mtu. Kuoa si dhambi. Kilichofichwa pale ni halali, na aliyeumia kwa kufichwa ni mtoto. Kisa cha "kizazi cha watumwa" ndicho kinachonikera zaidi. Utumwa pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907, na bado kuna wanaohesabu mababu za wenzao. Kufu, yaani kulingana kwa hadhi ya mume na mke, katika fiqhi ni haki ya mwanamke na walii wake, ili asiozwe mtu wa chini yake. Mwanamume hana la kudai hapo. Babu yenu alitumia neno la fiqhi mahali ambapo fiqhi haimo.

Shamba je? Tuseme ni minazi 96, na marehemu hana wazazi walio hai wala deni wala wasia. Mama yenu ana thumni, sehemu moja ya nane, yaani minazi 12, nayo haibadiliki maana mke mwenzake alishafariki. Inabaki 84. Mlipogawa, kaka alichukua 42 na ninyi 21 kila mmoja. Akiingia ndugu wa Pate, kila mwanamume ana 28 na kila mwanamke 14. Kwa hiyo kaka anarudisha 14, ninyi saba saba. Nazi mlizokula tangu 2011 bila kujua hazina dhambi, lakini ni mali yake pia. Kaeni naye mpatane, asamehe au mlipe.

Njia nyepesi kuliko mashahidi wote hao ni warithi wote kumkiri, naye akubali. Kwetu ni lazima wote, na mama yenu akiwemo. Kaka akikataa, nasaba haithibiti kwa ninyi wawili tu, ingawa maimamu wa madhehebu mengine, Malik, Abu Hanifa na Ahmad, wanamtaka aliyekiri atoe katika fungu lake, na mimi ningewashauri mtoe. Mkishindwana kabisa, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya mirathi, ilimradi nyote ni Waislamu na mmekubali iwahukumu.

Ila mama asije akayasikia haya kwa simu kutoka kwa jirani. Umwambie wewe, mkiwa wawili, kabla ya safari. Kisha ulizieni saa za maji kujaa, mwende Pate watatu pamoja. Ndugu yenu wa huko ndiye mkubwa wenu. Mumuamkie kama mkubwa, na habari ya minazi iwe ya siku ya pili.

Wallahu aalam.