Maswali ya wasomaji: Anakoroma, lakini alama zake ni mbili tu

Barua za safari hii zote zinahusu apnia ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea, njia ya hewa nyuma ya ulimi huziba, na pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hushuka, ubongo humshtua mgonjwa avute hewa, kisha hali ileile hurudi, pengine mara kadhaa ndani ya saa moja. Mwenyewe mara nyingi hana habari. Wanaojibu ni madaktari na wauguzi wanaowahudumia wagonjwa hawa.

*Mimi ni tabibu katika kituo cha afya na kila mgonjwa nampa dakika chache. Je, nimuulize kila mtu mzima kuhusu usingizi wake? Na nikiuliza, nitumie dodoso gani?*

Ndugu tabibu, si lazima kila mtu. Jopo la Marekani la huduma za kinga, USPSTF, lilipitia suala hili mwaka 2022 na kusema ushahidi hautoshi kushauri kwamba watu wazima wasio na dalili wachunguzwe au wasichunguzwe. Lakini hilo linahusu wasio na dalili. Mgonjwa ambaye presha yake haishuki hata kwa dawa tatu yuko kundi jingine kabisa, na huyo ndiye wa kuanza naye. Mfuatishe mwenye mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye kisukari cha aina ya pili, mwenye unene uliozidi, anayeamka na kichwa kinauma na kinywa kimekauka, anayeamka mara kwa mara usiku kukojoa, na yeyote anayesinzia akiwa kwenye usukani.

Kwa dakika chache ulizonazo, dodoso linalofaa ni STOP-Bang. Lilitungwa na Frances Chung na wenzake wa Toronto kwa ajili ya wagonjwa wanaoandaliwa kwa upasuaji, likachapishwa mwaka 2008. Lina vipengele vinane, kila "ndiyo" ni alama moja. Vinne unauliza: anakoroma kwa sauti inayosikika hata mlango ukifungwa? Mchana anachoka au kusinzia mara kwa mara? Kuna aliyemwona pumzi ikikatika usingizini? Ana presha, au anatibiwa presha? Vinne vingine unavipata kwa kupima na kwa kusoma faili: uwiano wa uzito na urefu (BMI: kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita, kisha tena kwa urefu huohuo) unaozidi 35, umri unaozidi miaka 50, shingo nene, na kuwa mwanamume. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 au 4 ni ya kati, 5 na kuendelea ni kubwa. Aliye na 3 au 4 usimwache hapo. Kama mbili au zaidi zimetoka kwenye yale maswali manne ya mwanzo, na tena ni mwanamume, au uwiano wake umezidi 35, au shingo imevuka kipimo, mhesabu katika hatari kubwa. Maabara ikiwa inapima bayikaboneti ya damu, kiwango cha milimoli 28 kwa lita au zaidi nacho kinaongeza uzito wa shaka.

Shingo ndiyo inayokosewa kuliko vyote. Mgonjwa asimame wima, alegeze mabega, atazame mbele. Zungusha utepe chini kidogo ya ile sehemu ngumu ya koo inayopanda mtu anapomeza, uwe mlalo, uguse ngozi bila kubana, na kola isiwe chini yake. Toleo la kwanza la dodoso lilitumia kipimo cha zaidi ya sentimita 40 kwa wote. Fomu za baadaye zinatumia 43 kwa wanaume na 41 kwa wanawake. Shika fomu moja usichanganye, na andika sentimita zenyewe kwenye faili, si "ndiyo" peke yake, ili atakayempokea mgonjwa aweze kuhakiki.

Kosa jingine ni presha. Mgonjwa anayemeza dawa atakwambia "presha sina, ilishashuka." Huyo anapata alama. Mwenye miaka 50 kamili hapati, kwa sababu dodoso linasema zaidi ya 50. Uzito nao usikisiwe kwa macho: mtu wa kilo 98 mwenye urefu wa mita 1.65 anafikia 36, na wengi wangemtazama tu wakampitisha. Na tafadhali, "sijui" isiandikwe "hapana".

*Mume wangu anakoroma na mchana anasinzia hata akiwa na wageni. Alipoulizwa kliniki alipata alama mbili, akaambiwa yuko salama. Sasa hataki kurudi. Tunalala vyumba tofauti kwa sababu ya kelele.*

Dada, kwanza hesabu yenyewe haijatimia: mkoromo wa kelele, kusinzia mchana na kuwa mwanamume tayari ni alama tatu, na kwa kanuni tuliyoieleza juu anahesabiwa katika hatari kubwa. Kulala vyumba tofauti nako huenda kulimpunguzia alama nyingine. Alipoulizwa kama kuna aliyemwona akikatika pumzi, alijibu hapana, na ni kweli hakuna aliyemwona, kwa kuwa hakuna anayelala naye. Hapo jibu sahihi lilikuwa "haijulikani".

Usiku mmoja au miwili, saa chache kabla ya alfajiri, mrekodi kwa simu kwa dakika ishirini hivi, simu ikielekea kifuani. Saa hizo usingizi wa ndoto ni mwingi na misuli ya koo hulegea zaidi, hivyo pumzi hukatika kwa urahisi. Sikiliza mkoromo unaokatika ghafla, kimya, kisha mkupuo wa kutweta au kama anapaliwa. Tazama pia kifua: wakati wa kile kimya kinaendelea kuhangaika ilhali hewa haipiti. Nenda na video hiyo kliniki, na nenda naye. Dodoso lina kazi ya kupanga foleni ya watakaopimwa kwanza. Halina uwezo wa kumtangaza mtu kuwa mzima, hasa mwenye dalili kama zake.

Wakati mnasubiri kipimo, aache pombe jioni, asitumie dawa za usingizi bila daktari kujua, na alale ubavu.

*Nina miaka 54. Sikoromi sana, lakini usingizi unakatika, naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na naambiwa ni kukoma hedhi tu. Alama zangu ni mbili.*

Mama, kukoma hedhi kunaongeza hatari ya apnia, kwa hiyo hakuwezi kuwa sababu ya kuacha kuitafuta. Dodoso lenyewe linampa mwanamume alama moja ya bure, na maswali yake yanategemea mkoromo na mtu wa kushuhudia. Wanawake wengi huja na malalamiko mengine: kukosa usingizi, uchovu, maumivu ya kichwa asubuhi, huzuni. Wengine huishia kupewa dawa za kutuliza, na baadhi ya dawa hizo hulegeza koo zaidi. Mwombe daktari akuchunguze kinywa (ulimi mkubwa, mafindofindo, kidevu kilichorudi nyuma), apime homoni za tezi shingo na wingi wa damu, kisha akuandikie kipimo cha usingizi kwa dalili zako. Alama mbili zisimzuie.

*Nilipewa kifaa cha kupima usingizi nyumbani. Majibu: pumzi inakatika au kupungua mara 4 kwa saa, kawaida. Mbona bado nasinzia?*

Chini ya 5 kwa saa ni kawaida, 5 hadi chini ya 15 ni kiasi kidogo, 15 hadi chini ya 30 ni cha wastani, 30 na zaidi ni kali. Ila kifaa cha nyumbani kwa kawaida hakipimi mawimbi ya ubongo, hivyo hakijui ulipolala na ulipokuwa macho. Kinagawanya matukio kwa saa zote za kurekodi. Ukilala saa nne kati ya nane, matukio 32 yanasomeka 4 kwa saa, wakati kwa saa za usingizi wenyewe ni 8. Vilevile hakioni pumzi iliyopungua ikakuamsha bila kushusha oksijeni. Uliza kilirekodi saa ngapi, na kama mpira wa puani au kihisi cha kidole vilitoka. Shaka ikibaki, hatua inayofuata ni kipimo kamili cha usiku mzima katika maabara ya usingizi. Mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu, aliyewahi kupata kiharusi, au anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya opioidi apelekwe huko moja kwa moja.

*Dereva wa lori alipata 6 kati ya 24 kwenye dodoso la Epworth. Nimruhusu?*

Usitegemee namba hiyo. Dodoso hilo la Murray Johns wa Australia, la mwaka 1991, linapima usingizi wa mchana katika hali nane, na zaidi ya 10 ndiyo inayotia shaka. Wapo wenye apnia kali wanaopata chini ya hapo, na dereva anayehofia leseni ana kila sababu ya kujipunguzia. Muulize kwa faragha kama amewahi kuegesha ili alale kidogo, kutoka nje ya mstari, au kupita kituo bila kukumbuka. Pima shingo, pima presha, zungumza na mwenzi wake akikubali. Akikiri kusinzia akiendesha, mwambie aegeshe lori kuanzia leo, na kwenye rufaa andika "dereva, anasinzia barabarani" juu kabisa, ili asiwekwe kwenye foleni ya kawaida.