Ukipewa kazi ya kuandika kuhusu dhuluma, anza na hesabu

Wadogo zangu mnaoanza ualimu hapa Mtwara, hasa mliochukua Historia, siku si nyingi mtapewa kazi ya kuandika kuhusu dhuluma na namna watu walivyoipinga. Nasi tulipewa. Nawaandikia yaliyonipata ili msipoteze wiki tatu kama nilivyopoteza mimi.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa sita. Ilisema wananchi walinyanyaswa, wakachoka, wakaamka. Mwalimu aliirudisha ikiwa na maneno yaleyale kwa kalamu nyekundu kila ukurasa: Nani? Lini? Kiasi gani? Niliumia, kwa sababu niliiandika kwa uchungu wa kweli. Mimi ni mtoto wa wakulima wa korosho, Newala. Lakini uchungu ule haukufika kwenye karatasi. Yaliyofika ni maneno ambayo mtu wa Mwanza au Tanga angeyaandika bila kubadilisha hata moja.

Nikaanza upya na Nandete, kwenye vilima vya Matumbi, Kilwa. Wengi wakifika Vita vya Maji Maji hukimbilia maji ya Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewaambia watu kwamba maji yake yangewakinga na risasi, kwa kuwa hapo ndipo pana ajabu. Kaeni kwanza kwenye shamba la pamba. Mtu anaitwa kulima shamba lisilo lake huku lake likimezwa na magugu, juu ya hapo Mjerumani anadai kodi kwa fedha taslimu, na ujira wa pamba hautoshi kitu. Julai 1905 watu wa Nandete wakang'oa miche michache ya pamba, na hiyo ikawa ndiyo kutangaza vita. Ukishapiga hesabu ya siku za kazi na malipo, kile kitendo cha kung'oa miche unakielewa chenyewe, bila kuongeza neno la kusisimua. Hesabu ya mwisho nayo isiachwe: Wajerumani walikiri vifo 75,000, lakini mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Mengi ya haya tunayajua kwa sababu mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda kukaa na wazee waliokuwa watoto wakati wa vita na kuandika walichosimuliwa. Wanafunzi, kama ninyi. Jambo hilo ndilo lililonitoa maktaba na kunipandisha gari la Newala.

Nilikwenda kumuuliza babu kuhusu korosho, na nikakosea mwanzoni. Nilitoa simu kurekodi kabla hata shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri, nikamuuliza, "Babu, mlidhulumiwaje?" Akanijibu kwa upole, "Mungu ni mwema, mjukuu wangu," akanyamaza. Jioni, tukiwa tunakoka moto, nilimuuliza tu mwaka ule wa 2018 alipata magunia mangapi. Hapo akazungumza hadi saa nne usiku. Kwa hiyo acheni simu mfukoni, ombeni ruhusa baadaye, na mwulizeni mtu kuhusu kazi yake kabla ya maumivu yake.

Mwezi wa sita mwaka ule, kabla korosho hazijaiva, babu aliuza magunia mawili kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa pembeni, nje ya mnada, kwa bei ya chini. Kilo 160, kila kilo kwa shilingi 1,200. Oktoba mnada ulipofunguliwa, wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za wanunuzi. Hawakuandamana wala kubeba bango. Walikataa kuuza, korosho zikabaki ghalani. Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakazisomba. Nikakaa na daftari: 192,000 alizopokea babu, 528,000 ambazo zingekuwa zake kabla ya makato. Pengo ni shilingi 336,000. Nikamuuliza ile fedha ya mwezi wa sita aliifanyia nini. Akasema, "Si lile godoro lako na nauli ya kidato cha tano?"

Niliandika hivyohivyo, na ukurasa ule haukurudi na wino mwekundu.

Kuhusu gesi asilia ya hapa Mtwara nawaomba uangalifu mkubwa. Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni na bomba la kwenda Dar es Salaam likathibitishwa, mji huu uliwaka, watu wakafa, jeshi likaletwa. Waliopoteza ndugu wanaishi mitaa tunayopanga vyumba. Msiandike jina la mtu aliyewasimulia, wala mtaa wake. Andikeni pia hoja ya serikali, kwamba gesi ni mali ya taifa zima, na muiandike kwa nguvu zake zote, kisha muiweke mbele ya swali la watu wa Mtwara: viwanda na ajira tulizoahidiwa ziko wapi? Nilikuwa nimeandika kwamba 2013 ilikuwa Maji Maji ya pili. Nikafuta. Ile ilikuwa vita dhidi ya mtawala wa kigeni. Hii ilikuwa madai ya raia kwa serikali yao, na raia ana haki ya kudai bila kuitwa mwasi.

Kabla ya kukabidhi kazi nilirudi Newala nikamsomea babu. Alisikiliza hadi kwenye yule mnunuzi wa kangomba, ambaye nilimwita mnyonyaji, akainua mkono. "Yule kijana naye fedha haikuwa yake. Alikopeshwa na mtu wa mjini, na msimu ulipoharibika alihama na deni." Nikalikata lile neno, nikafungua ukurasa mpya, nikamuuliza babu kama huyo mtu wa mjini alikuwa akitoza riba, na ya kiasi gani.