Usiache Kazi Bado

Mdogo wangu unayeingia kwenye muziki, kabla hujamwandikia bosi wako barua ya kuacha kazi, itafute picha ya mwimbaji wa Marekani Bill Withers iliyo kwenye jalada la albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1971. Amesimama kando ya ukuta wa matofali, mkononi ameshika kisanduku cha chakula cha mchana. Kisanduku kile ni chake kweli. Picha ilipigwa kiwandani, saa ya mapumziko. Umri miaka 32, kazi yake ni kutengeneza viti vya choo vya ndege, na albamu keshairekodi.

Mimi naimba na kupiga gitaa kwenye bendi mwaka wa ishirini sasa, na mchana natengeneza friji. Ufundi niliwahi kuuacha mara moja, baada ya studio moja kuniahidi mkataba. Nikasubiri miezi minne, kodi ya nyumba imenishinda, ada ya mtoto inadaiwa. Waliponiletea karatasi nilisaini bila kusoma. Nyimbo sita nilizotunga mwenyewe zikaondoka siku hiyo, na mpaka leo nikiombwa kuziimba harusini naimba mali ya watu. Ndiyo maana picha ile inanigusa.

Withers alizaliwa 1938 Slab Fork, huko West Virginia kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 13. Alikuwa na kigugumizi kilichomsumbua mpaka utu uzima. Akatumikia jeshi la majini miaka 9, kisha akahamia Los Angeles, akajifunza gitaa ukubwani. Rekodi za majaribio alizozungusha kwa makampuni alizilipia kwa mshahara wa kiwandani. Pesa ilikuwa yake, kwa hiyo hakuna wa kumdai kwa rekodi hizo.

Sasa sikiliza "Ain't No Sunshine", uvae spika za masikioni. Baada ya beti mbili, ala karibu zote zinanyamaza, anabaki yeye na ngoma akirudia "I know", yaani "najua", mara 26. Pale alikusudia kuandika maneno mengine. Booker T. Jones, prodyuza wake, na wanamuziki waliokuwepo wakamwambia aache vilevile. Akawasikiliza, kwa sababu wale walikuwa wakongwe na yeye mgeni. Wimbo wenyewe uliwekwa upande wa pili wa santuri, nyuma ya "Harlem". Watangazaji wa redio ndio walioigeuza, na baadaye ukampa tuzo ya Grammy.

Lakini si kila ushauri aliukubali. Sussex, kampuni ya kwanza kutoa muziki wake, ilipofungwa 1975 alihamia kampuni ya Columbia, na huko kuna aliyemtaka aimbe upya wimbo wa Elvis Presley. Alikataa. Ziangalie vizuri hizo sauti mbili. Ya kwanza ilisikia kilichokwisha kuwamo ndani ya wimbo wake. Ya pili ilitaka awe mtu mwingine. Mgeni kuzitofautisha ni kazi ngumu, ila ukiwa na pesa ya unga nyumbani unapata walau siku tatu za kufikiri kabla ya kujibu.

Baada ya albamu ya 1985 hakutoa nyingine, na aliishi mpaka Machi 2020, miaka 81. Nyimbo alizotunga ziliendelea kuimbwa na wengine: kundi la Club Nouveau walipoirudia "Lean on Me", Grammy ya utunzi ilikwenda kwake.

Kwa hiyo wimbo wako ukikamilika, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukausajili kabla hujamtumia mtu faili. Mkataba ambao umesomewa tu na mtu mwingine kwa simu usiusaini. Omba nakala, lala nayo, mpelekee mwanasheria. Wakikuambia "ni leo au basi", waage kwa heshima.

Jumatatu nina friji mbili za buchani zinanisubiri. Mazoezi ni saa moja jioni, njoo na gitaa lako.