Kuhara Kukikoma, Tazama Mkojo

Juzi mama mmoja wa Shela, hapa kwetu Lamu, aliniandikia: "Dada, mwanangu anahara damu siku ya pili, nimpe dawa gani ya kufunga tumbo?" Nikamjibu kwa herufi kubwa: USIMFUNGE TUMBO, PANDENI BOTI MUENDE HOSPITALI. Kisha nikakaa barazani nikalia, maana swali hilohilo nililiuliza mimi miaka minne nyuma.

Wangu alikuwa na miaka miwili. Harusini alikula kebabu ambayo ndani ilikuwa bado nyekundu. Niliiona, nikaona haya kusema mbele ya wenye shughuli. (Haya zetu watu wa Lamu!) Siku ya tatu tumbo likamsokota, akahara damu. Dukani nikauziwa dawa ya kufunga, na kweli kuhara kukakoma. Nikatangaza nyumba nzima kuwa mtoto kapona.

Siku ya saba viganja vikawa vyeupe, macho yakavimba, mtoto hana hata nguvu ya kulia. Mama mkwe akasema ni kijicho cha harusini, azinguliwe. Nikatii, na mpaka leo roho inaniuma. Nepi ndiyo iliyonizindua: niliyomvisha usiku niliivua asubuhi kavu kabisa. Tukavuka Mokowe, Witu, Garsen, Malindi, hadi Mombasa. Huko alisafishwa damu kwa mrija wa tumboni. Siku zile sizisimulii.

Daktari alinieleza kwamba bakteria wengine wa tumbo, kama E. koli O157 na aina moja ya Shigella, hutoa sumu iitwayo Shiga. Sumu hiyo huumiza mishipa midogo ya damu, chembe nyekundu zikapasuka, figo zikaziba, mkojo ukakatika. Kwa E. koli hiyo, watoto kama 5 hadi 15 katika 100 hufikia hapo, na mara nyingi ni wale wa chini ya miaka mitano, siku kadhaa baada ya kuanza kuhara. Marekani, kati ya mwisho wa 1992 na mwanzo wa 1993, watoto wanne walikufa kwa ugonjwa wa baga zisizoiva, kwa hiyo msiseme ni maradhi ya wasio na usafi.

Basi nisikilizeni. Nyama ya kusaga iive mpaka ndani, maana kisu na mashine huwapeleka bakteria katikati. Maji ya kisima yachemsheni, visima vyetu vya mji vimepakana na vyoo. Maziwa mabichi hapana. Na antibiotiki msijinunulie, kwa E. koli hii zinaweza kuzidisha balaa. Kinyesi kipimwe kwanza. Mtoto akihara damu, hesabuni mkojo wake hata akichangamka. Mama ndiye anayejua nepi, si mganga wala muuza dawa.

Wangu sasa ana miaka sita. Kila mwaka anapimwa presha na mkojo, na kila mwaka silali usiku wa kuamkia siku hiyo.

Jana mama wa Shela kaniandikia: amekojoa mara mbili, lakini bado wamemlaza.