Maswali ya Wasomaji: Sinagogi huhesabu wiki yake kuelekea Ijumaa jioni

Barua za safari hii zinahusu sinagogi: anayetaka kuizuru, anayefanya kazi ndani yake, anayeipikia na anayetaka kutoa pole kwa jirani. Tumezijibu kwa kirefu pale ambapo kosa dogo huharibu mambo.

Swali: Mimi ni Mkristo na ningependa kuhudhuria ibada ya Jumamosi katika sinagogi ya Nairobi, pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Mtu wa nje anaruhusiwa? Rafiki yangu alirudishwa langoni. (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Unaruhusiwa, ila usiende bila taarifa. Wasiliana na ofisi kati ya Jumatatu na Alhamisi, utaje jina lako, tarehe na sababu ya kutaka kufika, kisha usubiri jibu. Siku yenyewe beba kitambulisho na uache begi nyumbani. Langoni utahojiwa, na hiyo si dharau. Tarehe 31 Desemba 1980 Hoteli ya Norfolk, iliyokuwa mali ya familia ya Kiyahudi na iko jirani kabisa na hapo, ililipuliwa kwa bomu. Novemba 2002 ikafuata Hoteli ya Paradise kule Kikambala. Mlinzi hawezi kumpitisha mtu asiyetajwa kwenye orodha, na Jumamosi hana wa kumpigia kuuliza, kwa kuwa washika Sabato hawagusi simu. Yamkini rafiki yako alikwama hapo tu.

Ukishaingia, mwanamume hufunika kichwa. Kama huna kofia ndogo, utaipata mlangoni. Sinagogi hiyo hufuata mapokeo ya Kiyahudi ya Kiorthodoksi, yaani ya wanaoshika sheria za kale kikamilifu, hivyo wanaume na wanawake huketi mbalimbali. Usipige picha, usiandike kitu, wala usitoe sadaka, maana siku ya Sabato fedha hazishikwi. Ukitaka kuchangia, fanya hivyo katikati ya wiki.

Ukiona watu wamekaa na ibada haisongi, jua wanangoja kutimia kumi. Bila wanaume kumi waliotimiza miaka 13 hakuna Kadishi, ambayo ni sala ya waliofiwa, na gombo la Torati halisomwi hadharani. Kila mmoja atasali sala zake na hayo mawili yatarukwa. Katika jumuiya ndogo mtu wa kumi ana uzito mkubwa: akilala, aliyefiwa atarudi nyumbani bila kuisema Kadishi ya mzazi wake.

Kumi wakitimia, kaa tayari kuona gombo likitolewa kabatini huku wote wamesimama. Watu saba huitwa mmoja mmoja kwenye usomaji, na wa nane kwa somo la manabii. Gombo lina herufi 304,805, zote za mkono juu ya ngozi, bila irabu. Herufi moja ikionekana imekatika, usomaji husimama, gombo hurudishwa na kutolewa jingine. Msomaji hana alama za kumsaidia kutamka wala kuimba, kwa hiyo wiki nzima huwa anajifunza aya zake. Msikilize kwa makini. Wanaomzunguka humsahihisha papo hapo akikosea neno.

Swali: Nimeajiriwa kuwa karani wa sinagogi, ingawa mimi si Myahudi. Kazi mojawapo ni kuandaa jarida la kurasa mbili la kila wiki. Nianzie wapi, na makosa gani niyaepuke? (Karani mpya, Nairobi)

Jibu: Anza na siku ya kulituma. Jarida lisilowafikia watu Ijumaa asubuhi ni kama halikutoka, kwa sababu mchana wanapika na kuoga, na jua likizama simu zinawekwa kando hadi Jumamosi usiku. Funga kupokea habari Jumatano mchana, mpe rabi nakala Alhamisi asubuhi, utume Ijumaa mapema. Habari ya dharura ikifika Ijumaa alasiri, mpigie mwenyekiti mara moja. Usitegemee ujumbe ulioandikwa.

Juu kabisa ya ukurasa weka saa ya kuwasha mishumaa na saa Sabato inapotoka. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Nairobi jua huzama kati ya takriban saa 12:20 na 12:50 jioni mwaka mzima, na ndiyo maana karani hushawishika kunakili saa za wiki iliyopita. Usifanye hivyo hata wiki moja, kwani dakika chache ndizo zinazotenganisha mshumaa halali na kuvunja Sabato. Angalia pia programu yako ya kalenda imewekewa mji gani. Ikiwa imebaki Yerusalemu, itakupa dakika 40 kabla ya machweo, ambayo ni desturi ya mji ule. Ikiwa una msomaji Mombasa, jua lake huzama kama dakika 11 kabla ya la Nairobi, na akifuata saa zako zile 18 zinabaki 7. Aliye Mbale, Uganda, kwake linachelewa kwa kiasi hicho hicho. Na kama unatoa nakala ya Kiingereza na ya Kiswahili, soma saa mara mbili: 6:12 ya Kiingereza ni saa 12:12 jioni ya Kiswahili, na hapo ndipo wengi huchanganya.

Linafuata jina la somo la wiki. Torati imegawanywa sehemu 54. Hakikisha kalenda imewekwa kwa walio nje ya Israeli. Pasaka ya Kiyahudi huko ni siku saba, nje ni nane. Siku ya nane ikiangukia Jumamosi, Israeli husonga mbele na somo lao wakati Nairobi bado iko kwenye sikukuu, na tofauti hiyo inaweza kudumu wiki kadhaa.

Sehemu inayoumiza watu ikikosewa ni kumbukumbu za marehemu. Kila mwaka, tarehe ya kifo ikifika kwa kalenda ya Kiyahudi, ndugu huwasha mshumaa wa saa 24 na kusema Kadishi. Unapomsajili marehemu, uliza mambo matatu: jina lake na la baba yake, tarehe, na kama alifariki kabla au baada ya jua kuzama. Waislamu wanalielewa hili bila kufundishwa, kwa kuwa kwao pia siku huanza magharibi. Aliyefariki Jumanne saa mbili usiku amefariki katika tarehe ya Jumatano. Kisha kumbuka kwamba mshumaa huwashwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwa hiyo kumbukumbu ya Jumatatu iandike «kuanzia Jumapili jioni». Familia zilizosoma «Jumatatu» peke yake huwasha mshumaa siku imeshapita nusu.

Kuna mtego mwingine, mwezi wa Adari. Mwaka wa kawaida wa kalenda ya Kiyahudi, wa miezi kumi na miwili, una siku 354 hivi, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. Ili Pasaka ibaki majira yake, mwezi mzima huongezwa miaka 7 katika kila 19, na nyongeza hiyo huleta Adari mbili. Mwaka wa 5787, unaoanza jioni ya tarehe 11 Septemba 2026, ni mmojawapo. Marehemu wa Adari akumbukwe katika Adari ipi? Desturi za Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) na Wasefaradi (wenye asili ya Hispania) hazifanani, kwa hiyo usiamue wewe wala programu. Toa orodha yao mapema umpelekee rabi.

Wagonjwa huandikwa kwa jina lao na la mama, mathalani Daudi mwana wa Sara, na ni baada tu ya familia kukubali. Habari nyingine hazina ugumu: nani amegharimia kidushi, yaani mvinyo na vitafunio vya baada ya ibada, darasa la watoto, pongezi za harusi na uzazi. Jina la Mungu kwa herufi za Kiebrania usilichape kabisa kwenye jarida. Karatasi yenye jina hilo haitupwi. Huwekwa kwenye sanduku maalumu na hatimaye huzikwa.

Swali: Nina biashara ya upishi. Nimeombwa kuandaa chakula cha mchana cha Jumamosi, watu 40, ukumbini kwa sinagogi, lakini nikaambiwa nisilete sufuria zangu. Kwa nini, na nijipange vipi? (Mpishi, Westlands)

Jibu: Sufuria iliyowahi kupika nyama isiyo kosha, yaani isiyofuata sheria za Kiyahudi za chakula, huhesabiwa kuwa imeifyonza ladha yake, hata ukiisugua ing'ae. Tumia za pale, na uulize zipi ni za nyama na zipi za maziwa. Hazichanganywi, na hata sponji na mwiko vina upande wake. Nyama ya bucha la halali haitoshi. Wanahitaji mchinjaji wao aliyefuzu, mapafu yakaguliwe, kisha nyama ilowekwe nusu saa, itiwe chumvi saa nzima na kusuuzwa mara tatu. Wasipokuwa nayo, pika samaki.

Samaki awe na mapezi na magamba. Sato, sangara na changu wanafaa. Kambare, papa, taa, kamba, kaa, pweza na ngisi hawafai. Nunua samaki mzima au mwenye ngozi yenye magamba. Minofu iliyochunwa itakataliwa hata ukiapa ni sato. Mayai yavunje moja moja kwenye glasi, na lenye damu litupe. Dania na sukuma wiki ziloweke kwenye maji ya chumvi au siki, uzisuuze, halafu uinue kila jani kwenye mwanga. Mdudu mdogo huwakera kuliko kitoweo kilichopoa.

Upishi wote uishe Ijumaa kabla ya mishumaa. Usidhani kwamba ukiwasha jiko Jumamosi wewe usiye Myahudi utakuwa umewasaidia, kwa sababu wao hawali kilichopikiwa kwa ajili yao siku hiyo. Hata Ijumaa mwombe mwenyeji awashe moto kwa mkono wake, kisha wewe uendelee. Mvinyo wao uache wamimine wenyewe.

Chakula cha moto kinachofaa ni mchuzi wa maharage unaolala jikoni. Kwa watu 40 chukua maharage kilo 2 yaliyolowekwa usiku kucha, shayiri kilo 1, viazi kilo 6, vitunguu kilo 2, na nyama kosha kilo 5 kama ipo. Maharage mekundu yachemshe kwanza dakika 10 kwa moto mkali, kwa kuwa moto mdogo hauiondoi sumu yake. Maji yapite juu ya vitu kwa vidole vitatu vinene. Hadi machweo chakula kiwe kimeiva, kimewekwa juu ya bati linalofunika moto mdogo. Kinachoharibu mchuzi huu ni maji kidogo: ukikauka usiku wa manane utaungua, na hakuna atakayeuongezea maji baridi. Maji ya chai nayo yachemke ndani ya birika kubwa la umeme kabla ya jua kuzama, na birika libaki limewashwa.

Mkate wa hala, yaani mkate wa kusuka wa Sabato, ukiombwa, chukua unga wa ngano kilo 2, maji mililita 800, mayai 6, mafuta mililita 200, sukari gramu 200 na chumvi gramu 30. Usitie siagi wala maziwa, ili uliwe pamoja na nyama. Hamira gramu 16 inatosha Nairobi, maana juu mlimani kinyunga huumuka haraka. Ukikiacha kipitilize, misuko itapasuka ndani ya oveni. Unapata mikate sita ya kusuka, dakika 30 hadi 35 kwa nyuzi 180. Unga ukizidi takriban kilo 1.67, mwenyeji atakata kipande cha kinyunga ukubwa wa zeituni, atasema baraka na kukichoma. Mwite kabla hujasuka. Mezani mikate miwili mizima hufunikwa kitambaa, kwa hiyo usiikate mapema.

Swali: Nimesikia Wayahudi hutumia karafuu katika ibada. Ni kweli? (Mkulima, Pemba)

Jibu: Kweli. Jumamosi usiku, nyota tatu zikionekana, Sabato huagwa kwa mvinyo, manukato na moto wa mshumaa wenye tambi zaidi ya moja. Manukato hayo mara nyingi ni karafuu kavu au mdalasini, hunuswa tu na kupitishwa kwa jirani. Karafuu ziwe nzima; ya unga hupoteza harufu upesi na huingia puani.

Swali: Wayahudi wa Mbale na wa Nairobi wana tofauti gani? (Msomaji, Busia)

Jibu: Wa Nairobi wana jumuiya tangu 1904, na waanzilishi wao walikuwa wahamiaji. Abayudaya wa Mbale ni Waganda waliomfuata Semei Kakungulu mwaka 1919, wakaishika imani hata Idi Amin alipoipiga marufuku. Wengi wao hufuata mapokeo ya Kikonsavati, ambamo wanawake huhesabiwa katika wale kumi. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja mwaka 2008 huko Marekani. Ukiwatembelea, utaratibu wa Sabato ni ule ule.

Swali: Jirani yangu Myahudi amefiwa na mama yake. Nimpe pole vipi? (Mama wa Parklands)

Jibu: Mazishi hufanywa haraka, mara nyingi ndani ya siku moja, kisha familia hukaa nyumbani siku saba. Nenda katika siku hizo, ila si Ijumaa jioni wala Jumamosi mchana. Ingia taratibu, keti, na usianze mazungumzo; ngoja yeye aseme kwanza. Akinyamaza, kaa naye kimya. Usipeleke maua. Chakula ulichopika kwako huenda asiweze kukila, hivyo peleka matunda mazima, machungwa au ndizi, ambayo kisu chako hakijayagusa.