Harusi Miezi Mitatu, Mashine Bado Iko Juu ya Kabati

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41 na baada ya miezi mitatu naolewa. Mchumba wangu ni mtu mpole, sina la kumlalamikia. Tatizo ni mimi. Nakoroma, Shangazi, tena si kidogo. Kaka yangu aliwahi kunirekodi kwa simu tukiwa safarini, akairusha sauti ile kwenye kundi la familia, watu wakacheka wiki nzima. Tangu siku hiyo sijalala chumba kimoja na mtu.

Miezi minne iliyopita nilipimwa usingizi. Daktari akasema nina apnea ya usingizi, pumzi inakatika mara 34 kwa saa, nikapewa mashine ya kupumulia. Nilijaribu siku kumi na moja. Hewa inanipiga machoni, naamka mdomo umekauka kama nimelamba majivu, tumbo limejaa gesi, na mara nyingi naikuta barakoa iko sakafuni wala sikumbuki nilivyoivua. Nikaipandisha mashine juu ya kabati. Mchana nachoka mno, juzi hata nilisinzia kidogo kwenye taa za barabarani nikaamshwa na honi. Usiku naamka mara tatu kwenda kukojoa, naona ni umri. Na mimi si mnene, kwa hiyo sielewi ugonjwa huu umetoka wapi.

Mchumba hajui lolote. Nimwambie sasa au nisubiri tuzoeane ndani ya ndoa? Na hakuna njia nyingine isiyo ya kuvaa lile dude? Naogopa usiku wa kwanza ageuke aone kituko.

Bibi Harusi Mwenye Mrija

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza maswali mawili, lakini mimi nimekwama kwenye jambo ambalo hukuniuliza. "Juzi hata nilisinzia kidogo." Umelipitisha haraka hapo, kati ya gesi na mkojo, kama mtu anayepitisha mzigo mpakani. Ulikuwa umeshika usukani. Bahati yako taa zilikuwa zimekusimamisha, na aliye nyuma yako alikuwa na honi na hasira. Usingizi wa namna hiyo hauondolewi kwa kufungua dirisha wala kwa kuongeza sauti ya redio, maana ni deni la miaka. Funguo za gari mpe mtu mwingine mpaka utakapokuwa unatumia mashine na mchana wako umekuwa mwepesi, na habari ya zile taa mpe daktari wako kwa kinywa chako mwenyewe, bila neno "kidogo". Hili likitimia ndipo tuzungumze harusi.

Sasa hiyo 34. Ili pumzi ihesabiwe kuwa imekatika, hewa inatakiwa isimame, au ipungue sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Ikifika mara 30 kwa saa madaktari huiita hali kali. Ukilala kwa muda wa saa saba, yako inapita mara 230. Kila mara koo linaziba, ubongo unakushtua nusunusu, koo linafunguka, unavuta hewa kwa kishindo, unarudi usingizini bila kumbukumbu. Asubuhi unasema umelala saa saba. Umekaa kitandani saa saba, mwanangu. Kulala ni jambo jingine.

Na mkojo usiusingizie umri. Kifua kinapolazimisha kuvuta hewa huku koo limefungwa, moyo unavutwa na kutanuka, unaamini kuna maji mengi mwilini, unatoa homoni inayoiambia figo iyapunguze. Wengi wakianza kutumia mashine sawasawa, safari za chooni hupungua. Mimi zangu ziliisha ndani ya mwezi, nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nikiilaumu chai ya jioni.

Ndiyo, nimesema "zangu". Nalala na mashine mwaka wa tisa huu. Na mimi si mnene pia. Unene huongeza hatari, lakini si mlango pekee: taya dogo lililorudi nyuma, koo jembamba, tonsili kubwa, kukoma hedhi, urithi, vyote vimo. Sisi wanawake huchelewa kugunduliwa kwa sababu kila mtu anadhani mkoromo ni wa baba mwenye tumbo, nasi wenyewe tukienda kwa daktari tunasema "uchovu", tunasema "kichwa asubuhi", tunasema kila kitu isipokuwa neno kukoroma.

Kaka yako alikosea kuirusha sauti ile, na ukipata nafasi mwambie. Lakini kama bado ipo kwenye simu, isikilize mara moja peke yako, na safari hii usisikilize mkoromo. Sikiliza kimya. Utasikia mkoromo unapanda, unapanda, unakatika. Kimya. Kimya kinaendelea mpaka wewe mwenyewe unayesikiliza unajikuta umebana pumzi. Halafu mtu anaibuka kama mzamiaji. Familia nzima ilicheka kelele, hakuna aliyehesabu kile kimya.

Unauliza kama kuna njia nyingine. Zipo, ila sidhani kama ni zako za kuanzia. Kuna kifaa cha meno kinachoisogeza taya ya chini mbele; huwafaa zaidi wenye hali nyepesi au ya wastani. Kulala ubavu huwasaidia wale ambao pumzi yao hukatika wakilala chali. Kupunguza uzito huwasaidia wenye wa kupunguza, na Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano, tirzepatide, kwa watu wazima wenye apnea ya wastani au kali pamoja na unene uliopindukia. Wewe umesema huna. Upasuaji upo, wa aina kadhaa, na ni mazungumzo marefu na daktari wa masikio, pua na koo. Vidonge vya usingizi na pombe viweke mbali kabisa, vinalegeza koo ambalo tayari limelegea.

Kwa 34, mashine ndiyo njia ya kwanza. Nayo haikupumulii, licha ya jina tulilolizoea. Inasukuma hewa ya kawaida ya chumbani kwa presha kidogo ili koo lisianguke, basi. Kupumua unapumua mwenyewe. Kabla ya daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, kuchapisha habari za mashine hii mwaka 1981, mgonjwa mwenye hali kali alikuwa akitobolewa shimo kooni. Na wagonjwa wa mwanzo wa Sullivan barakoa zao ziligandishwa usoni kwa gundi kila usiku. Ukiyajua haya, mikanda yako miwili ya kitambaa inakuwa mapambo.

Siku kumi na moja hukushindwa wewe. Ilishindwa barakoa, na hakuna aliyekuambia barakoa hubadilishwa kama viatu.

Hewa machoni maana yake inavuja juu ya pua. Nina hakika ulikuwa unaivaa ukiwa umekaa, kisha unakaza mikanda kwa nguvu mpaka asubuhi una mistari mashavuni. Fanya kinyume. Lala kwanza, washa mashine, hewa ikiwa inapita legeza mikanda yote, inua barakoa kidogo kutoka usoni ule ukingo wake laini ujae hewa, iachie ikae yenyewe, ndipo ukaze taratibu mpaka uvujaji ukome. Hapo hapo simama. Ukikaza zaidi, ukingo unajikunja na unavuja upya. Osha uso kabla, mafuta ya ngozi huitelezesha barakoa. Kama bado inavuja, saizi si yako: rudi ulikopewa mashine, jaribu nyingine hapo hapo ukiwa umelala chali mbele yao, usione haya.

Mdomo kukauka huenda ni kwamba barakoa yako ni ya pua, na usiku kinywa kinafunguka hewa inatokea huko. Tibu pua kama inaziba, ongeza unyevu kwenye kile kitangi cha maji, na ikishindikana omba barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja. Kitangi kitie maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa yakaacha chumvi zake, na kila asubuhi yamwage. Usiyajazie juu ya ya jana.

Gesi tumboni ni hewa unayoimeza. Inua kichwa kidogo, jaribu ubavu, na mweleze daktari, huenda presha inahitaji kurekebishwa. Usiirekebishe mwenyewe kwa kubahatisha. Mashine yenyewe inaandika kila usiku umeivaa saa ngapi, imevuja kiasi gani, pumzi imekatika mara ngapi, kwa hiyo ipeleke ikatoe ushahidi.

Kuhusu kuivua usingizini, hilo hata mimi nililifanya miezi miwili. Ukishtuka, hata ikiwa saa kumi alfajiri, irudishe. Usijiambie "kumekaribia kucha", kwa sababu usingizi wa ndoto huwa mrefu zaidi kuelekea asubuhi, na kwa wengi wetu hapo ndipo koo hulegea kupita kiasi. Saa mbili za mwisho ni ghali. Mchana ivae ukiwa macho, kwanza bila mashine, siku nyingine ukiwa umewasha, unaangalia televisheni au unachambua nguo. Uso unazoea. Tena uliza kama yako ina ule mpangilio wa kuanza kwa upole na kupandisha presha kidogo kidogo ukiwa unatafuta usingizi. Nyingi zinao, na watu wanakaa mwaka hawaujui.

Haya, mchumba.

Mwambie sasa, wiki hii. Sikupigii methali ya mficha maradhi, umeshaisikia ya kutosha. Sababu yangu ni ya kawaida kabisa: hutaweza kuficha. Ukiilaza mashine kabatini ili usionekane kituko, usiku wa kwanza atasikia ile sauti ya kaka yako, na baada yake atasikia kile kimya. Maskini ya Mungu atadhani umekufa. Ukiivaa, atasikia mvumo mdogo kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Sasa chagua kipi kinatisha.

Usimwambie kwa simu, wala usiku, wala kwa sauti ya kuungama. Mwalike mchana, mashine iwe mezani. Sema: "Nina tatizo la koo kuziba nikilala, limepimwa, na hii ndiyo tiba. Nitalala nayo kila siku. Nataka uione." Kisha ivae. Iwashe. Mwache acheke kama atacheka, inachekesha kwa kweli, na ucheke naye. Mpe naye aishike mkononi asikie hewa. Akiuliza maswali ujue mambo ni mazuri. Akiuliza kama inaambukiza, mvumilie. Akiondoka kwa sababu ya mrija wa plastiki, ninyi wawili mtakuwa mmeokoa gharama ya ukumbi.

Na lile ambalo hukuthubutu kuniuliza, bibi harusi, nalijibu: barakoa ni ya kulalia. Inavaliwa mkishamaliza kuzungumza na yote mengine, mtu anapotaka kusinzia. Haikuzuii kitu. Ila kumbuka ina matundu madogo mbele ya kutolea pumzi, yanapuliza ubaridi. Wewe uelekee upande ambao hayampigi yeye usoni. Mashine ikae kwenye meza fupi, chini ya usawa wa kichwa chako, ili maji ya kitangi yasije yakateremka kwenye mrija na kukuogesha usiku wa manane. Niliogeshwa mara moja, yatosha.

Nikuambie ya kwangu. Usiku wa kwanza nilipolala na mashine bila kuivua, mume wangu hakulala. Alikuwa amezoea mkoromo wangu miaka kumi na sita, ukimya ule ukamkosesha raha. Asubuhi nikamkuta amejiegemeza kwenye mto, macho mekundu, vidole vyake viwili viko kwenye mkono wangu hapa penye mshipa. Ananiambia alikuwa anahesabu tu.

Leo jioni panda kiti uishushe. Osha barakoa kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, mrija uning'inize ukauke kivulini, na kile kichujio cha nyuma ukikikuta kimegeuka kijivu, tupa, weka kipya. Halafu mpigie mchumba umuulize Jumamosi ana nafasi saa ngapi.

Shangazi