Uliza Mwalimu: Sifu (mwalimu) wangu wa kung fu kabaki Kisumu, Mwanza nimpate nani?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mkenya wa Kisumu. Kampuni imenihamishia Mwanza, kiwanda cha samaki, na nimepanga chumba Nyakato. Nyumbani nilikuwa nafanya Wing Chun, mtindo mmoja wa kung fu. Kati ya seti zake za mazoezi, Siu Nim Tau na Chum Kiu ninazo, Biu Jee nilikuwa ndiyo naanza. Hapa nikiulizia kung fu naelekezwa karate ama taekwondo. Nimempata mmoja anayesema anafundisha Shaolin, Wing Chun, taiji na ninja, ila anataka ada ya mwaka mzima kwanza, na haruhusu mtu kutazama mazoezi. Nimlipe? Ama niwaendee Wachina wa mradi wa reli? Na fundi wa hapa anaweza kunichongea ule mti wa mazoezi? – Mgeni, Nyakato*

Marahaba, mwanangu, na karibu Usukumani. Nianze na hilo la pesa maana ndilo la haraka: usimlipe.

Wing Chun imekulia Foshan, kusini mwa China. Shaolin iko Henan, huko kaskazini. Taiji inahesabiwa kwa ukoo wa Chen, na ninja ni wa Japani, hata bahari ni nyingine. Mtu anayeviuza vyote kwenye kapu moja anauza majina. Sikatai, huenda kimoja anakijua sawasawa, lakini basi angekuachia benchi jioni moja ukae utazame. Wanaofunga mlango mara nyingi hawafichi mbinu, wanaficha wanafunzi, usije ukaona kuwa baada ya muda wote huo hawajui hata kusimama. Na akikwambia kafundishwa na Ip Man mwenyewe, yule gwiji wa Wing Chun, piga hesabu ya umri wake: mzee yule alianza kufundisha Hong Kong mwaka 1950 na akafariki 1972.

Klabu ya michezo hapa kwetu inatakiwa isajiliwe, na mambo hayo yako chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Kwa hiyo siku ukiwa zamu ya usiku, asubuhi pita kwa afisa michezo, wa Ilemela au wa Jiji, umuulize ni klabu zipi za mapigano anazozitambua. Hutalipa kitu, na utajua kama huyo bwana wa ninja anajulikana huko.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Umeandika unatafuta mwalimu, lakini mimi nimesoma barua yako mara mbili nikaona mwalimu unaye. Yuko Kisumu. Unachokosa ni mikono ya mtu mwingine. Siu Nim Tau utaifanya peke yako chumbani mpaka mwenye nyumba akushangae, na haitapotea. Chi sao, lile zoezi la watu wawili kugusanisha mikono, ndiyo itakayopotea, kwa sababu kule kuhisi mkono wa mwenzako unataka kwenda wapi kabla haujaenda hakuna video itakayokupa. Miezi michache bila mtu wa kushikana naye, mikono inakuwa migumu, unaanza kusukumana kwa nguvu za mabega kama wapiga debe wa Buzuruga.

Mikono hiyo ipo Mwanza, tena kule kule ulikoelekezwa ukanuna. Karate zote si moja. Ulizia wanaofanya Goju-ryu. Mtindo huo una mizizi mirefu Tanzania tangu siku za dojo (ukumbi wa mazoezi) ya Zanaki pale Dar es Salaam, nami ndio ulionivunja magoti. Mzee wao Higaonna Kanryo alitoka Okinawa akaenda kujifunza Fuzhou, kusini mwa China, karne ya 19. Ndiyo maana wana Sanchin, ile ya kusimama magoti yamebana na viwiko ndani, ukiitazama utaona ndugu wa Siu Nim Tau. Wana na kakie, zoezi la watu wawili kugusana vifundo vya mikono na kusukumana kwa mzunguko. Si chi sao. Nguvu yao ni nzito zaidi na wanakita miguu kuliko ninyi. Lakini kwa mtu mwenye njaa ya mikono, ni chakula. Ingia kwa adabu, funga mkanda mweupe, usiwasahihishe. Wakishakuzoea, mwombe mmoja mbaki nusu saa baada ya darasa, umfundishe chi sao kidogo. Hivyo ndivyo mwenza anavyopatikana, kwa kutengenezwa.

Wachina wa reli nao ni watu wa kazi. Yule ni dereva wa katapila, huyu mpimaji, na kumsimamisha barabarani umwombe kung fu ni sawa na yeye kukusimamisha wewe akuombe ngoma ya Kijaluo. Pengine utambahatisha mtu mzima anayefanya ile taiji fupi ya mikao 24. Ilitungwa mwaka 1956 ili watu wa kawaida waweze kuifuata, na huko kwao imeenea sana. Ukimwona alfajiri ananyoosha viungo, msalimie, simama nyuma yake, mfuate kimyakimya. Atageuka mwenyewe. Usitegemee akufundishe Wing Chun, hata ikitokea anatoka Guangdong.

Kabla ya yote hayo, mpigie sifu wako. Kwa watu wa kung fu kuingia mlango wa mwingine bila kuaga ni utovu wa adabu, na pengine yeye anamjua mtu upande huu. Tena hujaenda mbali hivyo! Mabasi yanapita Musoma, Tarime, Sirari, unavuka, Migori, Kisii, umefika. Likizo zako zigawe: mama apate siku zake, sifu apate zake. Biu Jee isubiri huko. Usiokoteze kwa vipande vya kwenye simu, maana ile ndiyo inayoharibika upesi mtu akijifundisha.

Mti unachongeka. Usiende kwa fundi wa makabati, ulizia wachonga mitumbwi kando ya ziwa, wao ndio wenye mkono wa mbao ya mviringo. Mpelekee picha yenye vipimo kutoka kwa sifu wako: gogo moja, mikono mitatu, mguu mmoja, mbao ngumu iliyokauka vizuri, maana mbichi itapasuka. Na umsisitizie kitu ambacho fundi yeyote mzuri atakikataa mwanzoni: mikono isigandishwe kwa gundi wala misumari. Ipite kwenye tundu, izuiwe kwa kabari nyuma, na ilegee kidogo ili ukigonga icheze. Akikwambia hiyo ni kazi mbovu na hataki jina lake lihusishwe, mlipe nusu zaidi.